Mlima Mfupi Usiudharau: Siku Tatu za Gorbeia

Kilele cha Gorbeia kina mita 1,482. Mtu wa Nairobi aliyesimama kituoni akingojea basi la kwenda kazini yuko juu zaidi ya hapo, na wa Mbeya au Njombe vilevile. Ndiyo maana msomaji wa Afrika Mashariki anayepata nafasi ya kufika nchi ya Wabasque, kaskazini mwa Hispania, akiutazama mlima huu kwenye ramani huuona ni wa kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Nami niliuona hivyo. Nilikuwa nimeshapanda Meru mpaka juu, na nyumbani kwangu Morogoro safu za Uluguru ndizo ninazoziona nifunguapo dirisha. Lakini mdharau mwiba mguu huota tende.

Nilikuwa kwenye malisho ya Arraba, peke yangu. Jua linawaka, kondoo wametawanyika, na ng'ambo naona mbavu nyeupe za jabali la Itxina. Nikainama kufunga kamba ya kiatu. Nilipoinua kichwa, jabali halipo. Dakika kumi baadaye hata kondoo hawapo, zimebaki njuga zao tu, zikilia mbele, nyuma na ubavuni kwa wakati mmoja, kwa sababu ndani ya ukungu sikio halijui sauti inatoka wapi. Ramani yangu ilikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa imezima. Baridi na picha za asubuhi viliimaliza chaji. Siku ile nilifanya jambo moja tu la busara: nilikaa juu ya jiwe, nikavaa kila nguo niliyokuwa nayo, nikangoja. Baada ya saa moja na nusu walipita wazee wawili, mume na mke, wenye ramani ya karatasi na dira iliyofungwa shingoni kwa kamba, wakaniongoza hadi chini bila kuniuliza maswali mengi. Ushauri ninaoutoa hapa ulianzia kwenye jiwe lile.

Tuanze na ukungu wenyewe, maana huko ndio mwenye nyumba. Bahari ya Atlantiki haiko mbali. Hewa yenye unyevunyevu kutoka Ghuba ya Biscay huja moja kwa moja, ikikuta milima inapanda, na ikipanda inapoa na kugeuka wingu. Wingu hilo halikai juu ya mlima kama kofia ya Kilimanjaro unayoiona kwa mbali ukiwa Moshi; linateleza kwenye mabonde na kukufikia kwa miguu, kimyakimya. Upande wa kaskazini, mkoa wa Bizkaia, ndiko linakoanzia. Upande wa kusini, mkoa wa Araba, mara nyingi ni mkavu zaidi. Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari angalia utabiri wa Euskalmet, idara ya hali ya hewa ya serikali ya Wabasque, na asubuhi usiamini utabiri peke yake. Muulize mwenye nyumba uliyolala. Neno la kulishika ni *lainoa*, ukungu. Ukimwona mzee wa pale akiutazama mlima, halafu akasema lainoa huku akitikisa kichwa, ahirisha. Na ukisikia habari za *hego haizea*, upepo wa kusini, furahi kwa kiasi: huo ndio unaofagia anga ukaona mbali kabisa, lakini ukikoma, mvua huwa haiko mbali.

Ushauri wangu wa pili utawaudhi wenye haraka. Chagua mlima mmoja. Watu hufika Bilbao na siku nne, wakataka makumbusho, ufukwe wa San Sebastián, jabali la Anboto katika hifadhi ya Urkiola, na safu ya Aizkorri yenye kilele cha Aitxuri, mita 1,551, kirefu kuliko vyote katika jimbo la Wabasque. Wanarudi na picha za maegesho ya magari. Anboto ni mfupi kuliko Gorbeia, mita 1,331 tu, lakini ukingo wake ni mwembamba na wenye korongo, sio wa mtu anayeanza. Aizkorri ina lile pango la San Adrian, ambalo barabara ya zamani ya wafanyabiashara na mahujaji ilipita ndani yake, ikaingia mdomo mmoja wa mlima na kutokea mwingine. Hayo yote yanastahili safari yao wenyewe. Hifadhi ya Gorbeia, iliyotangazwa mwaka 1994, ina zaidi ya hekta 20,000 na ndiyo kubwa kuliko hifadhi nyingine zote za jimbo hilo. Siku tatu hapo hazitakutosha, lakini utakuwa umeona kitu.

Mzoea milima ya kwetu atashangaa hakuna geti. Hakuna ada ya kuingia, hakuna mpagazi, hakuna mpishi anayekutangulia kambini, wala hakuna anayeandika jina lako kitabuni ili ajue kama umerudi. Uhuru huo una bei yake: kila kitu unakibeba mwenyewe, na akili ya kugeuza njia ni yako mwenyewe. Mwachie mtu maandishi unakokwenda na saa unayotarajia kurudi. Namba ya dharura ni 112, kama kote Ulaya, na polisi wa jimbo wana kikosi cha uokoaji milimani, ila mtandao wa simu hukatika kwenye mabonde. Kabla ya kupanda pita kwanza kwenye *parketxe*, nyumba ya hifadhi. Iko ya Areatza upande wa Bizkaia na ya Sarria upande wa Araba. Hapo utapata ramani ya karatasi na habari za njia zilizofungwa. Nunua hiyo ramani hata kama una simu tatu.

Njia ninayoipendekeza kwa siku ya kwanza inaanzia Pagomakurre, juu ya kijiji cha Areatza, chini kidogo ya mita 900. Jina lenyewe linafundisha: *pago* ni ule mti mkubwa wa majani laini uliojaa misitu hii, *makur* ni kuinama. Mti ulioinama. Kibasque hakina undugu na lugha nyingine yoyote inayojulikana, hivyo Kiingereza, Kifaransa au Kihispania chako hakitakusaidia kusoma ramani. Jifunze maneno machache tu. *Mendi* ni mlima, *haitz* au *atx* ni jabali, *iturri* ni chemchemi, *erreka* ni kijito, *bide* ni njia. *Zulo* ni shimo. Na *leize* ni shimo lingine, lile la kwenda chini wima. Ukiliona neno hilo kwenye ramani mahali unapotaka kukatiza njia, usikatize.

Kutoka Pagomakurre barabara ya changarawe inapanda polepole hadi Arraba, uwanda wa majani mafupi yaliyonyolewa na kondoo kana kwamba kuna mtu anayekuja na mkasi. Hapo pumzika, kunywa maji, tazama anga pande zote nne. Kama mawingu yameanza kushuka, ukirudi hapo hapo utakuwa umetembea matembezi mazuri na hujapoteza kitu. Kama kweupe, endelea na kijia kinachopita kibanda cha Egiriñao, kisha ule mwinuko wa mwisho wenye majani na mawe, ambao utakukumbusha kwamba mapafu hayajali umezaliwa kwenye nyanda gani za juu. Weka saa tatu za kupanda kama huna papara. Kileleni kuna msalaba wa chuma unaokaribia mita 18, uliosimamishwa mwaka 1907 baada ya ile iliyoutangulia kuangushwa na dhoruba. Upepo ulioangusha chuma utakuvua kofia, kwa hiyo ifunge. Siku ya anga safi unaiona bahari kaskazini na tambarare za Araba kusini.

Wenyeji hupanda hapa familia nzima, na siku ya mwisho wa mwaka, tarehe 31 Desemba, wengi huja kuuaga mwaka chini ya msalaba huo. Usiwaige kama hujawahi kutembea kwenye theluji. Majira hayo mteremko wa mwisho huganda, na buti za kawaida hazishiki kwenye barafu. Wanaopanda wana viatu vya meno ya chuma na mazoea ya utotoni.

Siku ya pili ingekuwa ya Itxina, na hapa nataka tuelewane. Itxina ni jabali la chokaa lililotobolewa na maji ya mvua kwa muda usiohesabika, mpaka limekuwa kama sega la nyuki: yamehesabiwa mapango na mashimo zaidi ya 500. Mengine yana mdomo wa kuingia mtu mmoja tu, umefunikwa na majani makavu. Ndani ya bakuli hilo la mawe kuna msitu wa pago, giza la kijani, mawe yaliyovaa kuvumwani, na hakuna mstari ulionyooka wa kuufuata. Dira ya macho haipo. Hata wanaolijua jabali hili hupotea humo. Lango lake maarufu ni Atxulaur, tundu kubwa la asili kwenye ukuta wa mwamba. Unatoka kwenye mwanga wa malisho, unapita chini ya upinde wa jiwe, na hatua kumi mbele sauti ya nje imekatika. Ndani zaidi lipo pango la Supelegor, ambalo masimulizi ya zamani yanasema ni mojawapo ya makao ya Mari, bibi wa milima, yule anayehama kutoka jabali hadi jabali na kuleta mvua ya mawe au kuizuia. Mimi sikucheka niliposimuliwa, maana Uluguru nako kuna mahali ambapo hatupiti bila kunyamaza.

Nenda hadi Atxulaur, simama chini ya upinde, tazama ndani, kisha rudi. Kuingia Itxina ni kwa mtu aliye na kiongozi mwenyeji, siku kavu, isiyo na ukungu. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu picha za Atxulaur zinavuta, na picha haioneshi mashimo.

Kama mvua inanyesha, usikae ndani ukisononeka. Mvua ndiyo tiketi ya maporomoko. Pale Gujuli, upande wa Araba, kijito kinafika ukingo wa korongo na kuanguka karibu mita 100. Mbali kidogo magharibi, Mto Nervión unaanguka mita 222 kwenye korongo la Delika. Wageni wengi huenda Agosti, jua kali, wakakuta ukuta mkavu na doa la maji. Nenda siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, au theluji inapoyeyuka, na usisogelee ukingo ng'ambo ya uzio.

Mahali ambapo ningekaa muda mrefu kuliko kote ni msitu wa Otzarreta, karibu na barabara inayopita Barazar kati ya Bilbao na Vitoria-Gasteiz. Ni mdogo, unauzunguka kwa dakika ishirini. Tazama miti yake. Shina nene na fupi, halafu kwa urefu wa mtu na nusu linagawanyika ghafla kuwa mikono mingi iliyonyooka kwenda juu, kama kinara cha mishumaa. Mti wa pago haukui hivyo wenyewe. Umbo lile ni kazi ya wachoma mkaa. Karne nyingi viwanda vya chuma vya Wabasque vilikula mkaa usiku na mchana, na watu wakajua kwamba wakikata shina wamemaliza msitu. Basi wakawa wanakata matawi tu, juu ya pale ambapo mifugo hufikia machipukizi, wanauacha mti upone miaka kadhaa, kisha wanarudi kwake tena. Mkaa ulipokoma, mikono ile haikukatwa tena, ikawa minene, na sasa mti mzee wa futi chache unabeba miti saba kichwani. Nilisimama pale nikafikiria magunia yanayopangwa kando ya barabara ya Morogoro kwenda Dodoma, na vilima vilivyobaki vipara nyuma yake. Nilitamani mchoma mkaa mmoja wa kwetu angekuwa nami pale, ayaone makovu yale kwa macho yake. Angeelewa kazi ile kuliko profesa yeyote.

Otzarreta inaumwa kwa kupendwa. Kila vuli, majani yanapogeuka rangi ya shaba, wapiga picha hujazana, na mizizi iliyo juu ya ardhi inachunwa na viatu. Nenda asubuhi na mapema, siku ya kazi, kanyaga penye udongo au majani tu, usipande juu ya mizizi kutafuta pembe nzuri. Vuli pia ni msimu wa kuwinda nguruwe mwitu. Ukiona tangazo la *ehiza* njiani, badili njia, na daima vaa kitu cha rangi kali.

Kuna jambo ambalo sisi wa ikweta hatulifikirii mpaka litukute: mchana wa huko si wa saa kumi na mbili. Kwa saa yetu ya Kiswahili, mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, ukakaa mlimani bila wasiwasi. Mwezi Desemba linachomoza saa mbili na dakika arobaini asubuhi na kuzama saa kumi na moja na nusu jioni, na ndani ya msitu giza huingia mapema zaidi. Beba tochi ya kichwani hata mchana. Majira ninayoyapenda ni kuanzia Mei hadi Juni, na Septemba mpaka mwanzo wa Oktoba.

Nguo: acha pamba. Shati la pamba likilowa linakunyonya joto mpaka jioni. Vaa sufu nyepesi au nguo ya michezo inayokauka upesi, juu yake sweta, juu yake koti la mvua la kweli. Suruali ndefu hata kwenye joto, kwa sababu kupe wapo kwenye majani marefu na huambukiza ugonjwa. Jikague jioni nyuma ya magoti na kiunoni. Buti zilizokwisha kuvaliwa, sio mpya za dukani. Maji lita mbili.

Kuhusu kufika, kwa ufupi. Raia wa Tanzania, Kenya na Uganda wanahitaji viza ya Schengen. Hispania ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na usiyapeleke chini ya siku kumi na tano kabla. Bima ya safari lazima ifikie euro 30,000, lakini soma maandishi madogo: bima nyingi hazihesabu uokoaji wa mlimani, na wewe unaihitaji inayouhesabu. Kutoka Bilbao mabasi ya Bizkaibus yanafika bonde la Arratia, hadi Areatza. Zaidi ya hapo usitegemee basi. Kodi gari ukiwa na leseni yako pamoja na ile ya kimataifa, au panga na nyumba ya wageni wakupandishe.

Sasa wenyeji wenyewe. Milima hii ni malisho kabla ya kuwa mahali pa matembezi. Kondoo unaowakuta, wenye manyoya marefu yanayoburuta, ni wa aina ya *latxa*. Maziwa yao mabichi ndiyo yanayotoa jibini ya Idiazabal. Ukikuta lango la waya, lifunge baada yako kama ulivyolikuta. Kibao cha *itxi ataka* kinasema hivyo hivyo. Ukikuta kundi na mbwa mkubwa mweupe amelala katikati, usipite kati. Zunguka mbali, taratibu, bila kukimbia, ongea kwa sauti ya kawaida ajue wewe ni mtu. Kondoo mwenye mwanawe usimpige picha kwa kumsogelea. Na kila unayekutana naye kijiani msalimie: *kaixo*, au *egun on* asubuhi. Kule nako mtu anayepita bila salamu huonekana ana lake.

Chakula kitakufurahisha, hasa maharage. Wabasque wanayaheshimu kama sisi, wanayapika taratibu mpaka mchuzi unakuwa mzito na mweusi. Lakini ndani yake mara nyingi huwekwa soseji za nguruwe na za damu, na hawatakuambia kwa sababu kwao ni kama kusema kuna chumvi. Ndugu Waislamu, ulizeni kabla: *txerrikirik gabe*, bila nguruwe. Na jibini ya Idiazabal hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la mwanakondoo; anayejali hilo naye aulize.

La mwisho ni lile linalobebwa na watu wachache kutoka kwetu, kwa sababu hawakuambiwa. Tangu Wabasque waanze kupanda milima kwa vyama, vilivyoungana kuwa shirikisho kule Elgeta mwaka 1924, wana desturi ya kuweka kisanduku kidogo cha posta kileleni, cha chuma, kingine kimechongwa kama nyumba, kingine kama shoka. Ukifika unaacha kadi yenye jina lako, tarehe na anwani. Anayefuata akiikuta huichukua na kukutumia kwa posta, ili ujue kwamba kuna mtu alifika baada yako. Siku hizi wanaoifuata desturi hii wamepungua, lakini wapo.

Andaa kadi nyumbani, ngumu kidogo, uiandike kwa wino usioyeyuka. Usiandike S.L.P. tu, hawataelewa, andika P.O. Box, mji, na jina la nchi kwa herufi kubwa. Mimi niliiacha yangu siku ya tatu, nilipopanda tena, anga likiwa safi. Ilinifikia Morogoro baada ya miezi minne, kona moja imekunjwa na maji. Nyuma yake palikuwa na tarehe, jina nisilolijua, na neno moja la hali ya hewa: lainoa.